Wasanii wa Lubumbashi wanaichora kesho ya teknolojia wakijua ile ya kwanza iliishaje

MwanaKamalondo (mleta mada)

Salamu kwenu wote, wa Lubumbashi, Likasi na Kolwezi, na nyote mnaotusoma mkiwa mbali.

Kuna jambo nimekaa nalo muda mrefu. Wanapotajwa wasanii wanaowaza kesho ya teknolojia, tunaonyeshwa mambo yaleyale: majengo ya vioo, roboti jeupe, mtu kavaa miwani ya kompyuta anapapasa hewa. Huku kwetu Lubumbashi wapo wasanii wanaoiwaza kesho hiyohiyo, tena kwa bidii kubwa, ila mikononi wameshika waya wa shaba, katoni, kalamu ya wino na picha za zamani za kiwandani. Wageni wengi husema ni uhaba wa vifaa. Nakataa. Wanafanya hivyo kwa sababu wanajua jambo ambalo wenzao wa miji ya vioo hawajalionja: hapa kesho ilishawahi kufika, ikakaa, ikaondoka.

Tukumbushane kidogo. Union Minière, kampuni ya madini ya Wabelgiji, iliundwa 1906, mji ukaanzishwa 1910. Umeme wa maji wa Mwadingusha ulianza 1930, wakati sehemu kubwa ya bara hili haijui swichi ni nini. Mtoto wa mfanyakazi alizaliwa hospitali ya kampuni, akasoma shule ya kampuni, nyumbani akala unga uliogawiwa na kampuni. Katikati ya miaka ya 1980 Gécamines, kampuni ya serikali iliyorithi migodi hiyo, ilikuwa inatoa zaidi ya tani 470,000 za shaba kwa mwaka. Mwaka 1990 mgodi wa Kamoto ukaporomoka, na kufikia 1994 uzalishaji haukufika hata sehemu moja ya kumi ya ule wa zamani. Mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 wakaondolewa kwa mkupuo mmoja, mpango ukaitwa wa hiari. Wengi wetu humu ni watoto wa hao.

Sasa chukua kazi ya Sammy Baloji, aliyezaliwa hapa 1978, ile inayoitwa *Mémoire*, ya mwaka 2006. Amepiga picha za rangi za mitambo iliyokufa: mabati yenye kutu, majani yameota kwenye reli, upeo mtupu. Kisha akachukua watu kutoka picha nyeusi na nyeupe za enzi ya ukoloni, wachimbaji, wafungwa wenye minyororo shingoni, mabwana wenye kofia, akawasimamisha ndani ya magofu hayo. Itazame karibu. Kivuli cha mtu hakilingani na jua la mahali aliposimama. Yule mtu yupo pale na hayupo. Wahakiki wengi huiweka kwenye kapu la historia na kuishia hapo. Naisoma pia kama picha ya kesho, kwa sababu hivyo ndivyo mtambo wowote utakavyokuwa siku wenyewe wakishapata walichokifuata.

Mwaka 2019 Biennale ya Lubumbashi, maonyesho ya sanaa ambayo kituo cha sanaa kiitwacho Picha kinayaandaa tangu 2008, ilikuwa na mada ya nasaba za kesho, ikasimamiwa na Sandrine Colard. Kipindi hicho Jean Katambayi Mukendi, Sammy Baloji na Daddy Tshikaya walitengeneza gari la Tesla la ukubwa wa kweli kwa waya wa shaba. Ni kama zile mituka (magari) za waya tulizosuka utotoni, safari hii saizi ya mtu mzima kuingia. Wakaipa jina *Tesla Crash*. Mwili wote ni mistari tu, unaona upande wa pili ukipitisha macho katikati ya milango. Hakuna rangi, hakuna kioo. Kinachobaki ni kile ambacho sisi ndio tunakitoa ardhini. Gari la umeme hubeba takriban kilo 80 za shaba, zaidi ya mara tatu ya gari la petroli, na mnunuzi wa mbali haoni hata gramu moja, imefichwa chini ya plastiki. Wale ndugu watatu wameitoa shaba ndani, wakaacha hiyo tu ndiyo ionekane.

Kazi hiyo imo ndani ya mradi wa On-Trade-Off, ulioanza 2018 kati ya Picha na wenzao wa Brussels, wa kufuatilia litiamu, madini ya betri, ya Manono. Manono nao ni mji uliowahi kupata kesho yake, ya bati, halafu wakaachwa na mashimo yenye maji. Leo wanaambiwa kesho imerudi na jina jipya.

Nataka kusikia kwenu. Hawa wasanii wanatusaidia kuona nini? Na kuna wengine mnaowajua?

---

FundiKatuba

Muzee, minasoma yote. Aksanti kwa kazi.

Mi niko fundi wa umeme mu Katuba, nitasema vile minaona. Ile gari ya waya ni muzuri, sikatai. Na ule Katambayi, kazi yake inaonyesha mutu mwenye kusoma umeme kabisa, haiko mutu wa kubahatisha. Lakini batu ba avenue yetu banalala mu giza. Kabine ya transfo ikilipuka, beko banachanga feza bao benyewe, mafuta ya transfo banunue bao, kable banunue bao. Kiisha banangojea. Na shaba yote inapita mu makamyo mbele ya macho yao, usiku na muchana, kwenda ku mupaka wa Kasumbalesa.

Sasa minauliza, na haiko matusi, ni swali ya kweli: picha inaleta nini kwa ule mama mwenye kuuza samaki ya baridi, mwenye congélateur (friza) yake inazima siku tatu?

---

MwanaKamalondo

Fundi, swali lako ni la haki na sitalizunguka. Picha haiwashi congélateur ya yule mama.

Ila nikueleze kwa nini namrudia Katambayi kila mara. Kazaliwa hapa 1974, kasomea umeme kama wewe. Ana michoro anayoiita *Afrolampes*. Kila mchoro ni balbu moja kubwa kwenye karatasi, imechorwa kwa kalamu, mistari iliyonyooka inakatana ndani yake mpaka inakuwa kama ramani ya saketi ambayo haijawahi kujengwa. Hakuna balbu inayofanana na nyingine. Ukisimama mbele unaanza kufuata mstari mmoja kwa jicho, unatafuta unapoingilia na unapotokea, mara unajikuta umefanya kazi ya fundi anayetafuta hitilafu. Zaidi ya hapo anajenga mitambo ya katoni na waya na vipande vya vyombo vilivyokufa. Swali lake siku zote ni la ugawaji: nguvu ipo, nani anaipata, kwa hesabu ya nani?

Chukua ile laini ya umeme kutoka bwawa la Inga, magharibi mwa nchi, kuja huku kwetu Katanga. Ilikamilika 1982, kama kilomita 1,700, imepita juu ya vijiji na vijiji visivyo na taa hata moja. Watoto wanacheza chini ya nguzo, usiku wanasoma kwa koroboi. Mtu aliyekua na picha hiyo kichwani hawezi kuchora kesho ya teknolojia bila kuuliza waya umepita juu ya nani.

---

FundiKatuba

Juu ya ile line, niongeze kitu moja hapa, juu batu bengi hawaijue.

Ile haiko courant ya kawaida. Ni courant continu, umeme wenye kwenda njia moja tu, ya volti mingi sana. Courant alternatif, ile ya nyumbani, unaweza kuweka transfo ku njia, ukashusha, ukapatia kijiji. Continu hapana. Kule Inga kuko station ya kugeuza, na huku Kolwezi kuko ingine ya kugeuza tena. Katikati, kama unataka kutosha (kutoa) umeme hata kidogo, unahitaji station nzima ya feza nyingi. Kwa mbali vile, continu njo inapoteza nguvu kidogo, ni kweli, engenieri batakuambia hivyo na hawadanganye.

Lakini kiisha kuchagua continu, ulishachagua kama vijiji vyote vya katikati havitapata. Hiyo ilikuwa mu plan tangu siku ya kwanza. Sasa kama msanii anaweza kuchora ile jambo, batu baione mara moja bila kusoma miaka mitatu ya umeme vile mi nilisoma, apo namufata.

---

MwalimuLikasi

Ndugu zangu, Fundi amesema jambo kubwa, na mimi kama mwalimu wa historia naomba nirudi nyuma.

Kilomita kama ishirini kutoka ninapofundisha ipo Shinkolobwe. Urani iliyotoka pale iliingia kwenye mabomu ya Marekani yaliyoangushwa Hiroshima na Nagasaki mwaka 1945. Dunia nzima ilipoanza kuota kesho ya nyuklia, treni za nyuklia, miji ya nyuklia, hakuna aliyechora Shinkolobwe. Mgodi ulifungwa rasmi kwa amri ya rais mwaka 2004, na wanafunzi wangu wengi hawajui hata ulipo. Kwa hiyo namuunga mkono mleta mada: kesho za dunia zimeondokea kwetu mara nyingi, na kila mara tumefutwa kwenye mchoro.

Lakini tusizungumze kana kwamba mambo haya yameanza na Biennale. Miaka ya 1970 palikuwa na mchoraji hapa Lubumbashi, Tshibumba Kanda Matulu. Aliuza picha zake kwa watu wa kawaida, za kutundika sebuleni. Akachora historia yote ya nchi, kama picha mia moja, na akaieleza picha kwa picha kwa Kiswahili chetu cha hapahapa, mbele ya mtafiti Johannes Fabian aliyerekodi maneno yake. Alijiita mwanahistoria. Baada ya mwanzo wa miaka ya 1980 hajulikani alikoishia. Picha nyingi za mfululizo ule ziko Amsterdam, katika makumbusho ya Wereldmuseum, zamani Tropenmuseum.

Ninachotaka kusema ni hiki. Tshibumba alitundikwa katika mitaa ya Kamalondo na Kenya, Lubumbashi, sebuleni, juu ya meza ya redio. Mzee akirudi kazini aliiona historia yake ukutani, akabishana nayo. Hawa wa leo wanatundikwa wapi? Nimefurahi kusikia habari za hiyo Tesla ya shaba, lakini mwanafunzi wangu aliyezaliwa Likasi ataiona wapi kwa macho yake?

---

Yaya_Kampemba

Mwalimu umenitangulia. Nilikuwa naandika hilohilo.

Mimi nashona na kubuni mavazi, na nimekwenda Biennale karibu kila inapofanyika. Ile ya 2022, iliyokuwa juu ya sumu na mji, ilinigusa kuliko zote, kwa sababu walizungumzia vumbi na maji ambayo sisi tunaishi nayo. Ila nikitazama kushoto na kulia ukumbini, nawaona wanafunzi, wageni kutoka Ulaya, watu wa ubalozi. Mama wa soko la Kenya simwoni. Hakufukuzwa, hakuna aliyempelekea habari.

Halafu jambo la pili. Tangu uzi uanze mmetaja wanaume tu. Kule Makwacha, njia ya kwenda mpakani, wanawake hupaka kuta za nyumba zao upya kila mwaka mvua zikiisha. Wanachimba udongo wa rangi mbalimbali kwa mikono, nyeupe, nyekundu, nyeusi, manjano, wanausaga, wanachora ukuta mzima. Mvua inakuja inafuta, wanaanza tena. Naomba mfikirie hilo kama fikra ya teknolojia. Rangi imetoka hatua chache nje ya mlango, haina sumu, inarudi ardhini ilikotoka, na ujuzi wenyewe mama anampa binti bila karatasi. Kila mwaka picha ni mpya kwa sababu ya zamani haikukusudiwa kudumu. Katika eneo ambalo kila mtu anachimba udongo ili uondoke, hawa wanauchimba ubaki. Mkitaka kesho, ile ni kesho moja.

Na kama tunataja waliojenga vitu vyenye injini, Kinshasa mwaka 2013 mhandisi Thérèse Izay Kirongozi na wenzake waliweka njia panda maroboti makubwa ya alumini ya kuongoza magari, yakitumia jua, yakiwa na kamera. Madereva waliyaheshimu. Yule hakujiita msanii, lakini umbo lile la mtu mrefu wa bati mwenye mikono ya taa nyekundu na kijani, aliyelibuni aliota kwanza.

---

Ramani_Ruashi

Nasomea usanifu wa majengo, naomba niongeze jina ambalo mtu wa fani yangu hawezi kuliruka: Bodys Isek Kingelez. Hakuwa wa hapa, alizaliwa 1948 kijijini Kimbembele Ihunga, akafanya kazi Kinshasa mpaka alipofariki 2015. Kabla ya kujulikana alikuwa anakarabati vinyago kwenye makumbusho ya taifa. Baadaye akawa anajenga miji mizima ya mezani kwa katoni, karatasi za rangi, makopo ya vinywaji, vifuniko vya chupa. Mwaka 1996 akamaliza *Ville Fantôme*, mji ambao kwa maelezo yake mwenyewe hauna polisi wala askari wala daktari, kwa sababu hauhitaji. Mji mmoja aliubuni kwa ajili ya Sète, Ufaransa, akauwekea mwaka 3009. Hebu fikirieni: Mkongo anawachorea Wafaransa mji wao wa miaka elfu moja ijayo. Mwaka 2018 makumbusho ya MoMA ya New York yalimfanyia maonyesho makubwa.

Nampenda sana, lakini nina ugomvi naye, na ugomvi huo ndio unaonifanya niwaelewe zaidi hawa wa Lubumbashi. Miji ya Kingelez haina mtaro. Haina dampo, haina mahali pa kuingizia kamyo la mchanga. Ni mji uliokwisha kuwa mzuri. Sisi tumekulia chini ya chimney ya Gécamines na ule mlima mweusi wa takataka zake, kwa hiyo mchoro wa mji usio na mlima wa takataka hatuuamini. Baloji na Katambayi wanakuonyesha kwanza kilichobaki jikoni, baadaye sahani.

Pia Kinshasa wapo Kongo Astronauts, kundi la Eléonore Hellio na Michel Ekeba tangu 2013. Ekeba anavaa suti ya mwanaanga iliyobandikwa vipande vya saketi za kompyuta zilizotupwa, anatembea nayo mtaani katikati ya watu wanaouza mikate. Koltani iliyotoka huku, ikaenda Asia, ikawa simu, ikafa Ulaya, imerudi mgongoni mwake.

---

Chukudu_Goma

Kutoka Goma nawasalimu. Hali yetu mnaijua, sitaingia huko.

Umetaja koltani, ndugu Ramani, na sisi ndio tuko karibu na machimbo yake ya Rubaya. Naongeza neno fupi. Huku kila mgeni akija na kamera anataka mtoto mwenye matope na simu mpya, aziweke pamoja kwenye picha moja. Tumechoka nayo. Haimwambii mtu kitu asichokijua, na yule mtoto anabaki matope tu. Ndiyo maana ile Tesla ya waya imenifurahisha, kwa kuwa hakuna mtu anayelia ndani yake. Kuna ufundi. Sisi chukudu yetu, ule mkokoteni wa magurudumu mawili, tuliibuni kwa mbao, inabeba mzigo mzito kushuka milimani kwenye barabara za mawe ya volkano, na katikati ya mji imejengewa sanamu ya rangi ya dhahabu. Nataka wasanii wanaotuchora kama wabunifu.

---

Msomaji_Kayole

Habari za huko jamani. Nawafuatilia kutoka Nairobi.

Huku tunaye Cyrus Kabiru, anatengeneza miwani mikubwa ya kuvaliwa kutokana na taka za vyombo vya umeme na mabati. Nilizoea kumwona kama mtu wa kuokota na kupendezesha. Baada ya kusoma uzi huu nimeanza kumwangalia tofauti.

Ila nina swali. Mbona mnazungumzia madini peke yake? Dunia sasa hivi iko kwenye akili bandia. Hapa Nairobi vijana wamelipwa ujira mdogo kusoma maandishi machafu na kutazama picha za kutisha siku nzima ili mashine ijifunze kipi kibaya. Mwaka 2023 habari zao zilitangazwa dunia nzima. Ule nao ni uchimbaji, ila shimo liko kichwani mwa mtu. Wasanii wenu wanaligusa hilo?

---

MwanaKamalondo

Ndugu wa Kayole, karibu sana.

Sitaki kumwekea msanii maneno mdomoni. Nitakuambia ninavyoona mimi. Mashine zinazofunza akili bandia zinakaa kwenye maghala yanayokula umeme mwingi, na umeme huo unapita kwenye shaba. Kwa hiyo hata huko hamjatoka Katanga. Lakini umenionyesha kitu. Watu wa Baloji waliokatwa kwenye picha za kumbukumbu za kampuni hawakuulizwa walipopigwa picha. Walipangwa mstari, wakahesabiwa, wakawekwa kwenye faili. Kampuni ilikuwa na sura zao na majina hayakuandikwa. Vijana wako wa Nairobi wanafanya kazi ndani ya faili la aina hiyohiyo, limekuwa kubwa tu. Baloji aliwatoa watu kwenye faili akawarudisha mahali walipofanyia kazi. Ningependa kumwona msanii wa Nairobi au wa hapa akiwafanyia vijana hao jambo kama hilo.

---

Kimia_UNILU

Samahani kuingia kwa kuchelewa, nilikuwa maabara. Nina mambo mawili ambayo naona yanauhusu uzi moja kwa moja.

La kwanza, ule mlima mweusi aliousema Ramani. Sisi tunauona kama kaburi la Union Minière, lakini una kobalti, una zinki, una jerimani. Jerimani inatumika kwenye nyuzi za kioo zinazopitisha intaneti na kwenye kamera za kuona gizani. Mwaka 2024 mtambo wa Gécamines unaochakata mlima huo ulianza kupeleka jerimani kwa Umicore, Ubelgiji. Umicore ndiye mjukuu wa Union Minière, wasioijua habari hiyo waijue. Yaani walichokitupa babu zao kama uchafu kimegeuka kesho, na kimerudi kwao. Natamani msanii achore *hicho*.

La pili ni zito zaidi. Kongo inatoa karibu asilimia 70 ya kobalti, madini ya betri, ya dunia, na serikali inaibana kweli: mwaka 2025 ilisimamisha mauzo ya nje, kisha ikaweka viwango vya kila kampuni. Lakini betri nyingi mpya za magari, hasa zinazotengenezwa China, ni za chuma na fosfati. Hazina kobalti hata chembe. Wahandisi wanatafuta kila siku njia ya kutuacha. Kwa hiyo tukiota kesho ambayo Katanga ni mfalme kwa sababu ya betri, tunaota kesho ambayo wengine wameshaanza kuifuta. Bati la Manono lilipitia hayo. Ndiyo sababu naona *Mémoire* inatisha kuliko filamu yoyote ya maroboti.

---

MwalimuLikasi

Kimia, ulichoandika kuhusu mlima nitakisoma darasani. Kuhusu kobalti, nakubali hatari ipo, ila shaba haijapata mbadala kamili, na tusiwafundishe watoto kukata tamaa mapema. Wachoraji wa zamani walichora ajali za treni, vita, gereza, na bado wakazitundika nyumbani ili watu wazungumze.

---

FundiKatuba

Yaya Kampemba, minarudia kusoma yako ya Makwacha mara mbili. Iko na maana.

Sasa tutoke mu maneno. Batoto ba huku Katuba beko banasuka mituka ya waya mpaka leo, kila vacances (likizo). Banatosha waya mu moteri zenye kuungua, mi mwenyewe ninabapatia. Kama Picha ao mutu mwingine hawezi kuleta ile Tesla huku, tufanye yetu. Kubwa, mutoto anaingia ndani. Na isitembezwe kwa fimbo, itembee na moteri. Mu ma-printer yenye kufa muko moteri muzuri ndogondogo, na mageri yake. Kiwanja kiko nyuma ya kanisa, ninaweza kuomba.

---

Yaya_Kampemba

Mzee Fundi, mimi nipo. Nitashona viti vya ndani kwa mabaki ya vitambaa. Wasichana waingie kwenye kusuka waya tangu siku ya kwanza, hilo ni sharti langu. Na kama mnaniruhusu, wiki ya pili tuwalete mama wawili watatu kutoka Makwacha waje na udongo wao, wapake ukuta wa nyuma ya kiwanja, gari lisimame mbele yake.

---

Ramani_Ruashi

Nachora plani. Nipeni urefu wa kiwanja.

---

Kimia_UNILU

Na betri? Maana gari la watoto libebe mtu kwa moteri za printer, mtahitaji nguvu ya kutosha.

---

FundiKatuba

Betri za laptop. Batu banatupa laptop na betri nzima, wakati ndani ya zile za zamani muko zile selo za duara, mara nyingi sita, na yenye kufa ni moja ao mbili tu. Unafungua polepole na plastiki, siyo na kisu ya chuma. Unapima moja-moja. Yenye kuwa juu ya volti 3, weka kando, tutaipima tena mbele ya kuitumia. Yenye kushuka chini ya hapo, usijaribu kuichaji, inaweza kuwaka moto ku mikono ya mutoto. Hizo tunaweka mu ndoo ya mchanga kavu, na mi nitabeba.

Kimia, uje na multimètre yako ya kupima volti, yangu fuse yake ilikufa.